Nani Ameruhusiwa Kugonga Seva Yako? Kanuni za Mlango kwa Biashara Inayopokea Malipo ya Simu

Tuseme una duka la vipuri vya malori hapa Chaani. Wateja wako ni madereva wanaoshuka Kipevu kuchukua makontena, na wengine wanakupigia wakiwa Mariakani au Voi, lori limewazimikia barabarani. Umetengenezewa tovuti. Mteja anachagua bidhaa, anaweka PIN kwenye simu yake, sekunde chache baadaye tovuti inaandika "imelipwa", na kijana wako wa dukani anamkabidhi mwenye boda mzigo aupeleke.

Sasa jiulize: tovuti imejuaje kwamba pesa imeingia?

Haikuangalia simu yako. Iliambiwa. Mteja akishaweka PIN, seva ya kampuni ya malipo, iwe yetu au ya kampuni nyingine, hutuma ujumbe kwa seva yako: namba ya muamala, kiasi, namba ya simu, saa. Seva yako ikiupata ujumbe huo inabadilisha oda. Si SMS hiyo. Unapita kwenye intaneti na kufika kwenye anwani ambayo fundi wako aliisajili siku mlipounganisha mfumo.

Fikiria basi mtu mwingine ameijua anwani hiyo. Anaandika ujumbe unaofanana na wetu, anaweka kiasi cha shilingi 18,000, anautuma. Kama seva yako haijali ujumbe umetoka wapi, betri itatoka dukani na kwenye akaunti hakutaingia hata senti. Hakuna aliyeiba PIN, hakuna aliyevunja kufuli. Mlango ulikuwa wazi, mtu akapita.

Ndiyo maana leo tunazungumzia kanuni zinazoamua nani anaruhusiwa kufika kwenye seva. Najua utasema hiyo ni kazi ya fundi. Kweli, kuziandika ni kazi ya fundi. Lakini betri ni yako, kwa hiyo jifunze angalau kuzisoma.

Geti la bandari na mlango namba 443

Seva ya biashara ndogo siku hizi haikai chini ya meza dukani. Inakodishwa kwenye klaudi, yaani unalipia sehemu ya kompyuta za kampuni kama Amazon, Google au Microsoft, na zenyewe ziko mbali. Amazon ilifungua kituo chake cha Cape Town mwaka 2020. Wengine huweka mitambo yao karibu zaidi. Hapo Miritini, jirani zetu, kuna kituo cha data cha iColo. Hata M-Pesa, iliyoanza 2007, mitambo yake ilikuwa Ujerumani mpaka 2015 ilipohamishiwa Kenya, na miaka yote hiyo watu wa Chaani walikuwa wakitumiana pesa bila kujua. Umbali si neno. Neno ni geti.

Na geti watu wa huku mnalijua. Lori haliingii bandarini kwa sababu dereva ana haraka. Mlinzi anataka kujua umetoka kwa nani, unaenda sehemu gani, na karatasi zako zinasema nini. Mlinzi wa klaudi naye anaangalia mambo matatu: anwani ya IP ya anayekuja, namba ya mlango anaoutaka, na aina ya mawasiliano, ambayo mara nyingi huandikwa TCP. (Kwa Kiingereza, mlango huu wa kompyuta unaitwa kwa neno lilelile la bandari. Kwa mtu anayeamka akiiona Kipevu, hilo halisahauliki.)

Kila huduma ina mlango wake wa kawaida. Tovuti yenye kufuli hupokea wageni mlango wa 443, na ile isiyo na kufuli mlango wa 80. Fundi akitaka kuingia ndani ya seva ya Linux kufanya matengenezo anapitia 22, na ya Windows 3389. Hifadhidata, kule majina na oda za wateja wako zinakokaa, husikiliza 3306 kama ni MySQL, au 5432 kama ni PostgreSQL.

Ukifungua ukurasa wa kanuni utakuta mstari kama huu: ruhusu, TCP, 443, kutoka 0.0.0.0/0. Hizo sufuri zisikupite hivihivi. Maana yake ni dunia nzima, anwani zote takriban bilioni 4.3 za mfumo wa IPv4. Namba iliyo baada ya mkwaju ndiyo inayosema geti ni pana kiasi gani. Ikiwa 32, ni anwani moja tu. Ikiwa 24, ni anwani 256. Kadiri inavyopungua ndivyo geti linavyopanuka. Na ukiona ::/0 pia, hiyo ni dunia nzima ya upande wa IPv6. Mafundi wengi hufunga ule mstari wa kwanza na kuusahau huu wa pili.

Mlango 443 kuwa wazi kwa dunia nzima ni sawa, tovuti ni ya watu wote. Mlango 22 au 3306 kuwa wazi kwa dunia nzima ni jambo jingine kabisa. Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB, ambazo husikiliza mlango wa 27017, zilifutwa na watu walioacha ujumbe wakidai walipwe Bitcoin. Zilikuwa zinafikika na yeyote kwenye intaneti, na nyingi hazikuwa hata na neno la siri. Wezi hao hawakuwajua wenyewe kwa majina. Programu zao hupita zikigonga anwani moja baada ya nyingine, usiku na mchana, na panapofunguka zinaingia. Kwa hiyo ile hoja ya "mimi ni duka dogo, nani atanitafuta" haifanyi kazi hapa. Hakuna anayekutafuta wewe. Wanagonga kote.

"Fungua kwanza, tutafunga baadaye"

Mbona basi fundi anaufungua mlango 22 kwa dunia nzima, na anajua hatari yake? Mara nyingi si uzembe. Ni bando.

Ukitumia intaneti ya simu, huna anwani yako mwenyewe inayoonekana nje. Kampuni ya simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na anwani hiyo hubadilika. Fundi akiandika leo "ruhusu anwani yangu tu", kesho asubuhi akiwasha hotspot amefungiwa nje. Halafu zile saa alizokuwa ndani, watu wengine wasiomjua walikuwa nyuma ya anwani hiyohiyo, nao wakaruhusiwa pamoja naye. Akichoka anaandika sufuri, kazi inaendelea, wiki inapita, mwaka unapita.

Dawa zipo, na si ghali. Fundi anaweza kuwa na VPN yenye anwani isiyobadilika, na kanuni ikaruhusu hiyo moja tu. Au atumie njia ya kuingilia inayotolewa na klaudi yenyewe, ambapo anajitambulisha kwenye akaunti kwanza na mlango 22 haufunguliwi kabisa kwa nje. Kwa maoni yangu hii ya pili ndiyo bora kwa biashara ndogo, kwa sababu hakuna kitu cha kusahau. Ikishindikana yote, afungue wakati wa kazi na kufunga kabla hajazima kompyuta, siku hiyohiyo.

Hifadhidata yenyewe haihitaji mgeni yeyote kutoka nje. Anayeongea nayo ni seva ya tovuti tu. Kanuni yake iseme hivyo hivyo: ruhusu 3306 kutoka kwa seva ya tovuti, basi.

Walinzi wawili wenye tabia tofauti

Kwenye klaudi ya Amazon utakuta walinzi wawili, na kuwachanganya ndiko kunakoleta zile simu za "malipo yamegoma" tunazopokea.

Wa kwanza anaitwa Security Group, anakaa mlangoni mwa seva yenyewe. Huyu anajua kuruhusu tu. Usichomruhusu, amekikataa, hakuna haja ya kuandika "kataa". Tena ana kumbukumbu: akimruhusu mtu kuingia, jibu la mtu huyo linatoka bila kuulizwa.

Wa pili anaitwa Network ACL, anakaa kwenye geti la mtaa mzima ambamo seva zako zimepangwa. Huyu anaweza kuruhusu na kukataa, lakini hana kumbukumbu hata kidogo. Aliyeingia sasa hivi, akitoka anaulizwa upya kama mgeni. Na majibu hayatoki kwenda mlango 443. Yanakwenda kwenye milango ya muda ya yule aliyeuliza, kati ya 1024 na 65535. Fundi akifunga upande wa kutoka bila kuruhusu milango hiyo, ombi letu la kuunganishwa linafika kwako lakini jibu lako halitoki, na ujumbe wenyewe haupiti. Sisi tunasubiri, muda unakwisha, tunahesabu kwamba hukupokea.

Huyu wa pili pia husoma kanuni kwa namba, kuanzia ndogo, na ya kwanza inayolingana ndiyo anayoifuata. Ukiwa na kanuni 100 inayosema "ruhusu wote mlango 443", kisha ukaongeza kanuni 200 ya kumkataa msumbufu fulani kwenye mlango huohuo, umejichosha bure. Hafiki 200. Mpe msumbufu huyo namba 90. Kwenye Azure na Google mpangilio una jina lingine, ila msingi ni huo: namba ndogo hutangulia.

Turudi kwenye ile betri

Ungedhani jibu ni rahisi: ruhusu mlango 443 kutoka anwani za kampuni ya malipo tu. Ugumu ni kwamba tovuti yako nayo iko mlango huohuo 443, na wateja lazima waingie. Mlinzi wa mtandao haoni ukurasa gani mtu anaenda kusoma. Anaona mlango, hana habari na chumba.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ujumbe wa malipo upokelewe na seva yake ndogo tofauti, yenye kanuni inayoruhusu anwani zetu peke yake. Au, kama seva ni moja, programu ya tovuti ndiyo ikague anwani kabla ya kuukubali ujumbe wa malipo. Ukichagua hii ya pili, mwambie fundi awe makini kama mbele ya seva kuna mtambo wa kugawa wageni, kwa sababu seva itaona anwani ya mtambo huo badala ya anwani ya aliyetuma.

Anwani zetu zichukue kwenye ukurasa wa msaada ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya biashara. Usichukue zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyetuma ana picha yenye nembo yetu. Tukibadilisha anwani tutakujulisha mapema: ongeza mpya, subiri siku ya kuhama ipite, futa ya zamani. Kufuta ndiko watu wanakosahau, na kwenye klaudi anwani iliyoachwa na mmoja hupewa mwingine.

Na juu ya yote hayo, oda ya pesa nyingi isitoke kwa sababu ya ujumbe peke yake. Mfumo wako utuulize kwanza: muamala huu upo, na kiasi ni hiki? Ni swali la sekunde moja.

Kanuni zina mwisho wake

Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kupita uwezo wake, na Wakenya wakakwama kulipia huduma. Kanuni tunazozieleza hapa hazizuii mafuriko ya aina hiyo, maana mlango wa umma lazima uwe wazi kwa umma. Huo ni ulinzi mwingine, na kampuni za klaudi huuza. Wala hakuna kanuni itakayomzuia tapeli aliyekupigia simu ukampa PIN.

Lakini data za wateja zikivuja kwa sababu mlango wa hifadhidata uliachwa wazi, usidhani lawama itaishia kwa fundi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayesimamia data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, pale ambapo wenye data wako hatarini kudhurika. Anayesimamia ni wewe mwenye duka.

Sasa keti na fundi wako, hata nusu saa. Afungue ukurasa wa kanuni, msome mstari mmoja mmoja. Kwa kila mstari akujibu: huyu ni nani, anataka mlango gani, aliruhusiwa lini na kwa kazi ipi. Majibu yaandikwe palepale, kwenye nafasi ya maelezo ya kanuni, ili fundi huyu akihamia Nairobi anayekuja asibahatishe. Mstari usio na jibu usiufute mchana wa Jumamosi wakati oda zinaingia. Uufute usiku, mkiwa mmeunakili pembeni.

Mkimaliza, chukua simu nyingine, nunua kitu cha shilingi 10 kwenye tovuti yako mwenyewe. Oda ikigeuka kuwa "imelipwa", acheni kanuni zilivyo. Pesa ikikatwa na oda isigeuke, angalieni kwanza upande wa kutoka wa yule mlinzi asiye na kumbukumbu, kisha hakikisheni anwani zetu zimeandikwa zote. Bado ikigoma, tupigieni mkiwa na namba ya muamala mkononi.