"Grade": neno moja kwenye ripoti ya mtoto, maana zaidi ya moja



Mwaka wangu wa kwanza hapa Marekani nilikuwa na miaka 15. Ripoti ya shule ilipofika nyumbani, mama aliniuliza ile herufi F iliyo mbele ya hesabu maana yake nini. Nikamjibu bila kupepesa macho: "F ni faulu, mama." Alifurahi, akapika wali na kuku. Wiki mbili baadaye aliitwa shuleni, na safari hii mkalimani alikuwa kwenye simu. Yaliyofuata nyumbani sitayaeleza.

Msimu wa ripoti umefika tena, na neno linalowachanganya wengi wenu ni "grade". Hutamkwa "greid".

Maana ya kwanza ni darasa. "She is in 3rd grade": yuko darasa la tatu. Hesabu inaanza baada ya kindergarten, ambako watoto wengi huingia wakiwa na miaka 5, na inaishia 12th grade. Kuanzia 9th grade ni sekondari, yaani high school.

Hapa tusimame kidogo. Shule nyingi humpanga mtoto mgeni kwa umri wake. Kijana wa miaka 14 aliyeishia darasa la nne kambini Nyarugusu anaweza kupelekwa moja kwa moja 9th grade. Wazazi hunipigia simu kwa furaha kwamba mtoto amerushwa madarasa kadhaa. Hajarushwa. Amewekwa pamoja na wenzake wa rika lake, na yale ambayo hakuyasoma bado yanamsubiri. Ndiyo maana mwalimu anaweza kuandika "reading below grade level", yaani usomaji wake haujafikia kiwango cha darasa alilomo. Maneno hayo si tusi, na peke yake hayamaanishi kwamba mtoto atarudia darasa. Ukiyaona, uliza anapewa msaada gani wa Kiingereza na wa kusoma. Shule ya umma ina wajibu wa kumsaidia mwanafunzi ambaye bado anajifunza Kiingereza.

Maana ya pili ni alama. "He got a good grade in science": amepata alama nzuri katika sayansi. Herufi ni A, B, C, D na F. E kwa kawaida haipo, usiitafute. Kwenye shule nyingi A huanzia 90 kwa 100, na chini ya 60 ni F. Sisi tuliosoma kwa mtaala wa Kongo tumezoea kwamba mwenye 50 kwa 100 amepita. Hapa 50 kwa kawaida ni kufeli.

Shule nyingi za msingi hazitumii herufi, hutumia namba kuanzia 1 hadi 4. Aliyezoea "division one" ya Tanzania akiona 1 tupu kwenye ripoti anaweza kumchinjia mtoto kuku, kama mama yangu. Mara nyingi 4 ndiyo ya juu, na 1 ni ya chini kabisa. Soma maelezo ya namba hizo kwenye ripoti yenyewe, kwa sababu shule hazifanani.

Halafu kuna kitendo: "to grade" ni kusahihisha na kutoa alama. Hilo halina shida. Hata mayai dukani yameandikwa "Grade A", na waliopitia Kenya wanamjua ng'ombe wa gredi.

Ukitaka kutofautisha, sikiliza swali lote. "What grade is he in?" anauliza darasa. "What grade did he get?" anauliza alama.

Kwenye high school maana hizi mbili hukutana, na hapo ndipo vijana wetu wakubwa huumia. Kila somo wanalofaulu huwapa "credits". Somo lenye F halitoi credit hata moja. Kijana anaweza kukaa miaka 4, akavuka umri wa miaka 18, na bado asipate diploma kwa sababu credits hazikutosha. Usingoje mwaka wa mwisho. Muulize mshauri wa shule sasa: ana credits ngapi, zimebaki ngapi, na somo alilofeli anaweza kulirudia lini? Shule nyingi zina masomo ya kiangazi kwa ajili hiyo.

Katika kikao na mwalimu, usimfanye mtoto kuwa mkalimani. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, shule za umma zinapaswa kukupa habari muhimu kwa lugha unayoielewa, bila malipo. Kabla ya siku ya kikao piga simu ofisi ya shule useme: "I need a Swahili interpreter, please." Kama wewe ni msemaji wa Kinyarwanda, Kirundi au Kibembe, taja lugha yako.