Pindo kwanza, katikati baadaye

Mji Mkongwe wa Zanzibar unapendeza kila kona, na hapo ndipo taabu ya mpiga picha inapoanza. Elekeza simu popote, utapata mlango wa nakshi; pamoja nao utapata waya wa umeme, pikipiki, ndoo na nusu ya mtu anayepita. Jicho limeuona mlango tu, kamera imebeba vyote.

Ndiyo maana nikiwa huko natazama skrini kama ninavyotazama kanga dukani: pindo kwanza. Kabla ya kubonyeza nazungusha macho kwenye kingo zote nne. Kilichokatwa ukingoni nakiingiza chote au nakitoa chote. Mara nyingi hatua moja kushoto, au kupiga goti, inatosha.

Milango

Milango mingi ya mtindo wa Kiarabu imenyooka juu. Ya mtindo wa Kihindi mingi ina tao. Yote ina mistari mikali ya wima, na ukiinamisha simu hata kidogo mistari hiyo inaegemea, mlango ukaonekana kama unaanguka. Shika simu sambamba na ukuta, kwenye kimo cha katikati ya mlango. Usikimbilie lenzi pana ya 0.5, maana inavuta na kupinda vilivyo pembeni; badala yake rudi nyuma. Kichochoro kikiwa chembamba mno, achana na mlango mzima. Piga kona ya fremu yenye nakshi, au safu ya misumari ya shaba na vivuli vyake.

Jua la saa sita

Wengi huficha kamera mchana. Uwanjani wana haki, kwa kuwa jua la utosini linachimba vivuli machoni mwa watu. Vichochoroni mambo ni mengine: kuta ndefu zinaruhusu ukanda mmoja tu wa mwanga kufika chini. Gusa skrini penye mwanga huo, kisha shusha mwangaza mpaka kuta za kivulini ziwe karibu nyeusi. Waya na mita za umeme zinapotelea gizani, na ukanda ule unabaki kuongoza jicho.

Watu

Sasa subiri. Mpiga picha Henri Cartier-Bresson alipiga picha mjini Hyères, Ufaransa, mwaka 1932: ngazi na kishikio chake vinazunguka kuelekea barabarani, na mwendesha baiskeli anapita kasi hadi amefifia. Mistari yote inapeleka jicho kwake. Nami hupanga kichochoro kwanza, nikahakikisha kingo ni safi, kisha nasubiri kanzu nyeupe au mkungu wa ndizi uingie kwenye mwanga. Nabonyeza mguu ukiwa mbele, miguu ikiwa imeachana, ili mwili uwe na umbo.

Mwenye kuketi barazani si pambo la ukuta. Nenda useme, "Shikamoo mzee, naomba nikupige picha hapo ulipokaa." Akikataa, shukuru upite.

Forodhani

Jioni, kwenye ukingo huu wa bahari wa Mji Mkongwe, vijana wakiruka majini, jua linazama mbele yako na wao wanageuka vivuli vyeusi. Kivuli hakina uso, kwa hiyo umbo ndilo linalobeba picha nzima. Chuchumaa ili mrukaji awe juu ya mstari wa bahari, mbinguni kweupe, na mstari huo usimkate shingoni. Washa gridi ya simu na uuweke kwenye theluthi ya chini. Acha nafasi tupu upande anakoelekea; mruko unahitaji mahali pa kwenda. Vijana wawili wakigusana wanakuwa donge moja, basi subiri waachane.

Zoezi

Chagua mlango mmoja mtaani kwako na ukae nao nusu saa bila kuhama mtaa. Piga picha chache, na kabla ya kila moja taja kimoyomoyo kitu kimoja unachokitoa nje ya fremu. Ukikosa cha kutoa, bonyeza.