Ukitaka Kuuza Nyumba Haraka, Anza na Hati
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wauzaji wa nyumba Tanzania Bara

Kwa nini tunakuandikia

Malalamiko ya mauzo ya nyumba yanayoifikia ofisi hii yana sura moja. Mwenye nyumba ana shida ya fedha, au amehamishiwa mkoa mwingine, na nyumba imekaa sokoni miezi mingi bila mteja wa maana. Dalali anamletea mtu mwenye fedha taslimu. Wanaandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wanatia saini, hati miliki inakabidhiwa, na kila mmoja anashika njia yake. Baadaye unaibuka mgogoro wa deni, wa mwenza, wa kodi au wa mnunuzi wa pili, na ndipo muuzaji anapogundua kwamba katika daftari la Msajili wa Hati nyumba bado ni yake, na mzigo wake pia ni wake. Kijitabu hiki kina onyo moja kubwa, nasi tutalirudia: usikabidhi nyumba wala hati halisi kwa karatasi ya kuandikishana peke yake.

Soko limebadilika, na mnunuzi amebadilika

Zamani aliyekuwa na nyumba Dar es Salaam aliweza kusubiri wateja wamfuate. Leo mnunuzi ana pa kuchagua. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, sehemu ya wapangaji na wanunuzi wa mjini iliondoka nayo. Wakati huohuo viwanja vilivyopimwa vimeongezeka pembezoni mwa jiji, kuanzia Kigamboni hadi Bunju, na vingi huuzwa kwa malipo ya awamu. Mtu anayeweza kujenga taratibu kwenye kiwanja chenye hati hana sababu ya kukimbilia nyumba yenye maswali. Wauzaji wengi hujibu hali hiyo kwa kushusha bei, kisha kuishusha tena, hadi nyumba inauzwa kwa bei ya kutupa. Tunasema wanatibu ugonjwa usio wao. Bei ikishuka sana, mnunuzi makini haharakishi kulipa. Anaanza kujiuliza nyumba hiyo ina kasoro gani. Kinachomtoa wasiwasi ni upekuzi rasmi unaoonyesha jina la mmiliki, kutokuwepo kwa rehani na kutokuwepo kwa zuio. Tena, benki haitoi mkopo wa nyumba bila miliki inayoweza kusajiliwa kama dhamana. Muuzaji asiye na karatasi safi amewafungia mlango wanunuzi wote wanaotegemea benki, akabaki na wenye fedha mkononi, ambao ni wachache na ndio wanaopanga bei. Ni kweli kwamba mikopo ya nyumba bado ni midogo nchini mwetu. Lakini katika soko ambalo mteja mmoja anaweza kukawia miezi, huna mteja wa kumtupa.

Karatasi ya mtaa haihamishi miliki

Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo. Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inataka uhamisho usajiliwe ndipo uwe na nguvu. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukufahamu na kushuhudia saini yako, lakini hana daftari la miliki na hana mamlaka ya kubadilisha jina lililomo. Wauzaji hudhani hilo ni tatizo la mnunuzi. Sivyo. Kodi ya pango la ardhi itaendelea kudaiwa kwa jina lako. Mnunuzi aliyelipa nusu akaingia ndani anaweza kukaa miaka bila kumalizia, huku hati yako ikiwa kabatini kwake. Akimuuzia mtu mwingine, wote watakutafuta wewe, kwa kuwa ni wewe pekee unayeweza kusaini uhamisho. Ukifariki, warithi wako watarithi kesi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika ardhi neno hilo ni la kuchukuliwa kama lilivyo.

Kosa la pili hutokana na hilo la kwanza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni moja. Kwenye kuandikishana kwa haraka swali hilo mara nyingi haliulizwi kabisa, na mauzo yaliyokosa ridhaa yanaweza kupingwa mahakamani. Pata ridhaa hiyo kwa maandishi kabla ya kupokea hata shilingi moja. Nyumba ya mirathi iuzwe na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Penye leseni ya makazi badala ya hati, ulizia halmashauri yako utaratibu wa kuihamisha.

Kuhusu kodi, tusidanganyane

Wapo wanaokwepa utaratibu kwa sababu ya kodi. Mkazi anayeuza nyumba hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilimpa nafuu asiye na kumbukumbu za gharama zake: hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kufuata iliyo kubwa. Nyumba uliyoimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi ina msamaha ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Peleka vielelezo TRA wakuthibitishie. Ushuru wa stempu, takribani asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakukusaidii, kwa kuwa thamani huangaliwa pia, na mgogoro ukitokea bei hiyo ndogo ndiyo utakayoweza kuidai kwa ushahidi wa maandishi.

"Utaratibu unachelewesha"

Hoja hii tunaisikia kila siku, na ina ukweli ndani yake: kibali cha uhamisho, uthamini, kodi na usajili huchukua muda. Ila muda huo hupotea zaidi pale mambo yanapoanza baada ya mteja kupatikana. Mnunuzi akishataja bei ndipo muuzaji anakumbuka deni la pango la miaka mingi, au anagundua jina la hati halifanani na la kitambulisho. Mteja anasubiri wiki, anachoka, anaenda kwingine. Geuza mpangilio huo. Kabla ya kutangaza nyumba, fanya upekuzi, lipa pango, andika ridhaa ya mwenza, na mpe wakili nyaraka zako azikague. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, yenye Kamishna Msaidizi na Msajili Msaidizi. Hilo ni jambo la kujivunia, na limeondoa kisingizio cha safari za mbali. Dalali apewe nakala. Hati halisi ibaki kwako au kwa wakili wako. Fedha zipite benki. Kama malipo ni ya awamu, mkataba utaje tarehe, kiasi na nini kitatokea mnunuzi akishindwa, na nyumba isikabidhiwe kabla ya masharti hayo kutimizwa.

Dalali atakuambia kwamba mteja ni wa leo tu. Mnunuzi mwenye nia njema hatakimbia kwa kuombwa afuate sheria, maana sheria hiyo inamlinda yeye pia. Anayekimbia kwa sababu hiyo, mwache aende. Tunarudia: usikabidhi nyumba wala hati halisi kwa karatasi ya kuandikishana peke yake. Kabla ya kusaini chochote, fika ofisi ya ardhi ya mkoa wako, uliza, na uondoke na majibu kwa maandishi.