KUHAMA, KUHAMIA, KUHAMIWA: KITENZI KIMOJA KATIKA MJI WA GORT

Mlezi wa chama alipotangaza kwamba kila kidato kitoe makala moja ya somo la lugha, mimi nilitwikwa mnyambuliko wa vitenzi. Nilikuna kichwa. Piga, pigia, pigwa, pigana: nani atasoma hayo kwa hiari yake baada ya kuyakariri darasani? Basi nikakata shauri kuchukua kitenzi kimoja tu, hama, nikitembeze katika mji mmoja mdogo wa Ayalandi uitwao Gort. Mkinivumilia mtaona kwa nini nimekwenda mbali hivyo.

Mji huu nilikutana nao katika Jiografia. Tulikuwa tukisoma juu ya maji ya chini ya ardhi kwenye miamba ya chokaa, mwalimu akataja maziwa ya magharibi mwa Ayalandi ambayo hujaa wakati wa mvua na kukauka wakati wa joto, maji yakipotelea katika matundu ya mwamba. Wenyeji huliita ziwa la namna hiyo turlough. Darasa zima likacheka, eti ziwa linahama! Nikaenda maktaba kusoma zaidi, kumbe maziwa hayo yako tele kandokando ya Gort, kusini mwa kaunti ya Galway (ndiyo, wao pia wana kaunti). Hata mto wa pale huzama ardhini na kuibuka mahali pengine. Novemba 2009 maji yalikosa pa kwenda. Yalifunika mashamba na barabara, yakaingia hadi katika mnara wa Thoor Ballylee ambao mshairi W. B. Yeats aliununua mwaka 1917 akaufanya makao yake ya majira ya joto. Mnara huo ulifungwa, ukafunguliwa tena 2015.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoyasahau maji nikawafuata watu.

Gort ni mji wa watu karibu 3,000 kwa sensa ya 2016. Katikati pana uwanja wa soko, na kuuzunguka pana maduka, baa, benki na nyumba za ghorofa moja au mbili zilizobanana. Kuna soko la mifugo ambako wakulima huuza ng'ombe, kanisa, shule na kituo cha gari moshi. Jioni vijana hucheza hurling, mchezo wa magongo na mpira mdogo mgumu unaokwenda kama risasi. Klabu ya Gort ilikuwa bingwa wa kaunti nzima mwaka 2011 na 2014. Jina kamili la mji kwa Kiayalandi ni Gort Inse Guaire, yaani shamba la kisiwa cha Guaire. Guaire alikuwa mfalme wa karne ya 7, na masimulizi yanasema alikuwa mkarimu mno hata mkono wake wa kuume ukarefuka kuliko wa kushoto kwa sababu ya kutoa. Mkono huo uwekeni akilini.

Sasa kitenzi. HAMA, kauli ya kutenda. Waayalandi wanakijua kitenzi hiki pengine kuliko taifa lolote la Ulaya. Mwaka 1841 kisiwa chao kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Viazi, chakula cha maskini, vikaoza kwa ugonjwa, na kati ya 1845 na 1852 watu kama milioni moja walikufa na wengine kama milioni moja wakahama. Kuhama hakukukoma njaa ilipokwisha. Kizazi baada ya kizazi walikwenda Marekani, Uingereza, Australia. Hata miaka ya 1980 kijana aliyemaliza shule katika mji kama Gort alikuwa akijua kwamba kazi iko ng'ambo. Hadi leo, ukijumlisha pande mbili za kisiwa hicho, watu hawajafika tena milioni 8. Wengine walikuja kwetu, si kwa njaa bali kwa ualimu na dini: masista wa Loreto waliotoka Ayalandi walifika Kenya mwaka 1921, na Brother Colm O'Connell aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha, wapenzi wa riadha hawahitaji kuelezwa habari zake.

Mahali watu wanapohama huwa PAMEHAMWA, kauli ya kutendwa, na hapo Kiswahili kinatupa nomino tamu sana ambayo wengi wetu hatuitumii: mahame. Karibu na Gort pana mahame ya kifahari. Ni Coole Park, alikoishi Lady Gregory, mmoja wa waanzilishi wa ukumbi wa michezo wa Abbey mjini Dublin mwaka 1904. Alifariki 1932, na jumba lake likabomolewa 1941. Umebaki mti ambao wageni wake mashuhuri walichonga herufi za majina yao kwenye gome. (Hapa shuleni ukichonga jina kwenye mti utapewa adhabu. Kule wanaujengea ua!)

Tuje sasa kwenye kauli iliyonifanya niandike. HAMIWA, kutendewa. Mji uliozoea kuhamwa ulianza kuhamiwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kulikuwa na kiwanda cha nyama kilichokosa mikono yenye ujuzi wa kukata nyama. Mbali kabisa, katikati ya Brazili, kwenye mji wa Anápolis, kitongoji cha Vila Fabril kilikuwa kimejengeka kando ya kichinjio, na kichinjio hicho kikafungwa. Huku kuna kisu bila mkono, kule kuna mkono bila kisu. Wanaume wachache wakapandishwa ndege wakaja Gort. Wakawaita ndugu zao, ndugu wakawaita jirani, na katika miaka michache ikawa kama mtaa mzima umehamia kijiji cha mvua na ukungu. Ilipofika 2006 ilikuwa ikisemwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watatu mjini Gort ni Mbrazili. Hebu fikiria mji wenu, wa watu mnaojuana mpaka majina ya mbwa, na baada ya miaka minane theluthi moja ya watu wanazungumza Kireno!

Maisha ya kila siku yakabadilika rangi. Madukani yakaingia maharagwe meusi na unga wa muhogo. Kanisani ikaanza misa ya Kireno, na Wapentekoste wakafungua makanisa yao. Nyumba zilizokuwa tupu zikapata wapangaji. Asubuhi na mapema wanaume waliokosa kazi ya kiwanda walisimama katika uwanja ule wa soko wakingoja gari la mkulima au mjenzi lisimame na kuchukua wawili watatu kwa kibarua cha siku. Niliposoma hapo nilitua kitabu. Nilidhani mambo ya kungojea kibarua barabarani ni ya kwetu tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Gort alipona? Kwa maoni yangu alipona kwa upande wa mfuko kwanza, na upande wa moyo ukafuata polepole. Si kila mtu alifurahi, tusidanganyane. Juni 2004 nchi nzima ilipiga kura ya maoni kuhusu uraia, na watu 79 kwa kila 100 waliopiga kura walikubali sheria ibadilishwe. Kuanzia 1 Januari 2005, mtoto aliyezaliwa Ayalandi na wazazi wageni hawi raia moja kwa moja. Fikirini watoto wawili wa Kibrazili, mmoja amezaliwa Desemba 2004, mwingine Januari 2005, wanakaa dawati moja na wanacheza hurling timu moja. Mmoja ni raia, na mwenzake huenda asiwe. Mkono mrefu wa mfalme Guaire ulikuwa umevutwa nyuma kidogo.

Halafu likaja pigo. Mwaka 2007 kiwanda cha nyama kilichowaleta kikafungwa. Mwaka 2008 uchumi wa Ayalandi ukaporomoka, ujenzi ukasimama, na Novemba 2010 serikali ikalazimika kuomba mkopo wa kuokolewa kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ule uwanja wa soko ukawa na wanaume wengi na magari machache. Wabrazili wengi walirudi kwao. Na vijana wa Kiayalandi nao wakaanza tena kuhama, wakaenda Australia na Kanada, kama babu zao. Nilipofika hapo nilitarajia kusoma kwamba Wabrazili wote waliondoka, hadithi ikaisha. Kumbe sivyo. Wengi walibaki. Watoto wao walikuwa wameshaanza shule, wanaongea Kiingereza kwa lafudhi ya Galway, na Brazili wanaijua kwa picha na simu. Utamrudisha vipi mtu mahali ambapo hajawahi kuishi?

HAMISHWA. Miaka hiyo hiyo barabara nayo ilihamishwa. Zamani magari yote ya kutoka Galway kwenda Limerick yalipita katikati ya Gort. Novemba 2010 barabara kuu mpya ya M18 ikafunguliwa nje ya mji, malori yakatoweka, hewa ikawa safi. Lakini anayeuza chai kwa wasafiri ataishije bila wasafiri? Kwa bahati gari moshi la abiria, lililokuwa limeondolewa tangu 1976, lilikuwa limerudishwa Machi mwaka huo huo. Sasa mtu anaweza kulala Gort akafanya kazi mjini Galway. Baa nazo zimebadilika: tangu 29 Machi 2004 ni marufuku kuvuta sigara ndani, sheria ambayo Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuipitisha kwa taifa zima. Mambo ya baa niyaachie wakubwa.

Kwa wapenzi wa lugha kama sisi, lililonigusa zaidi ni hili. Vibao vya barabara kule vina Kiayalandi na Kiingereza. Kiayalandi ndiyo lugha ya kwanza kwa katiba, kila shule inakifundisha, na katika sensa ya 2022 watu zaidi ya milioni 1.8 walisema wanakijua. Lakini wanaokizungumza kila siku nje ya shule ni takriban 72,000 tu. Lugha yenyewe imehama nyumbani ikahamia darasani! Na mtoto wa Kibrazili aliyeanza shule Gort akiwa mdogo anasoma Kiayalandi hicho hicho pamoja na wenzake. Tena, kuanzia 2022, Kireno kinatahiniwa kama somo kamili katika mtihani wa kumaliza sekondari. Yaani lugha ya jikoni kwa mama imepata karatasi ya mtihani. Ningependa kujua nani anasahihisha insha zao.

Kauli ya kutendeana ni HAMIANA, na nilidhani sitaipatia mfano. Nikaupata. Mwaka 1827 zaidi ya Waayalandi 2,000, wanaume pamoja na familia zao, walipelekwa Brazili kwa ahadi ya mashamba. Walipofika wakatiwa jeshini, ahadi zikayeyuka, na Juni 1828 wakaasi mjini Rio de Janeiro. Wengi walirudishwa makwao au wakatawanyika kwingine, ila wengine walibaki. Kwa hiyo Ayalandi na Brazili zimehamiana, na aliyetangulia kubisha hodi si yule tunayemdhania.

Niwaambie kwa nini kitenzi hiki kinanisumbua. Dada yangu mkubwa yuko Doha, ni mwaka wa tatu sasa. Mama akiulizwa na jirani hasemi kwamba dada amehama. Husema, "Ametoka kidogo." Wale wanaume wa kwanza wa Vila Fabril nao walitoka kidogo: miaka miwili mitatu, wakusanye pesa, wajenge nyumba kwao, warudi. Wengine wamerudi kweli na nyumba zimejengwa. Wengine wameshakuwa babu Gort. Mwaka 2022, kati ya Januari na Julai, serikali ya Ayalandi ilifungua nafasi kwa watu walioishi huko bila karatasi kwa miaka minne, au mitatu kama wana watoto, waombe kibali cha kukaa. Mtu aliyejaza fomu ile nadhani siku hiyo ndipo alipokubali kutamka "nimehama". Nilimwuliza mwalimu wa Kiswahili kama kuna kauli ya mtu aliyehama nusu. Alicheka, akasema niangalie hamahama, kisha akafikiri akasema hapana, hiyo ni ya wafugaji, huyo anakwenda na kila kitu chake.

ZOEZI. Tunga sentensi moja moja kwa hamiwa, hamiana na mahame, bila kutaja Gort wala Ayalandi. Nitazikusanya Ijumaa mbele ya maktaba baada ya masomo. Wanaowahi matatu ya saa kumi na moja wamwachie mlezi.