Msasa wa Tabaka: Nani Hutajwa?

Mgeni azuruye maonyesho ya sanaa za mikono mjini Kisii hukuta mawe ya sabuni yakiwa tayari yameng'ara: ndovu, bakuli, vibao vya sataranji. Chimbuko la kazi hiyo ni Tabaka. Huko jiwe huchimbwa timboni kwa sururu, kisha huchongwa kwa panga na visu. Kwa kawaida wanaume ndio wachongao, nao wanawake hulisugua kwa maji na msasa mpaka likawa laini.

Neno msasa lastahili kuzingatiwa. Asili yake ni mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa kulainishia mbao. Leo ni karatasi ya dukani, na hata mswada "hupigwa msasa". Hivyo, lugha yaithamini kazi ya kulainisha. Hata hivyo, Kiswahili kina nomino mchongaji, ilhali mpiga msasa hana nomino iliyozoeleka, na kinyago huitwa kazi ya mchongaji pekee.

Mwanafunzi wa Kiswahili aendapo kwenye maonyesho hayo asiulize bei tu. Awaulize akina mama hao istilahi zao za Ekegusii, aziandike. Kazi isiyo na jina ni rahisi kulipwa kidogo.