Baiskeli ya Shokapu Mbili: Iseti Kwanza Ndipo Uihukumu

Baiskeli ya milimani ya mbio za nyika yenye shokapu mbili ina shokapu moja mbele, ndani ya foku, na nyingine katikati ya fremu. Hiyo ya pili imeungana na sehemu ya nyuma ya fremu, ambayo hucheza juu ya beringi. Gurudumu likikuta jiwe au mzizi huweza kupanda milimita 100 hadi 120, kisha likarudi mahali pake. Nyingi za siku hizi zina magurudumu ya inchi 29 na uzito wa kilo 10 hadi 13. Baiskeli inayoshindana nayo ina shokapu ya mbele peke yake, na nyuma fremu yake ni ngumu. Ubishi wa waendeshaji unahusu tofauti hiyo moja: je, shokapu ya nyuma inastahili uzito, bei na matunzo inayoyadai?

Kwa miaka mingi washindani waliamini kwamba haistahili. Kisha ikaja Olimpiki ya London ya 2012. Kwenye njia ya Hadleigh Farm, Essex, yenye mawe mengi yaliyopangwa kwa makusudi, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alitumia Specialized Epic ya shokapu mbili, naye Nino Schurter wa Uswisi alitumia baiskeli ya nyuma ngumu. Baada ya takriban saa moja na nusu Kulhavý alimtangulia kwa sekunde moja. Sekunde moja haithibitishi lolote kuhusu fremu. Hata hivyo, miaka minne baadaye, Rio, Schurter alitwaa dhahabu akiwa juu ya Scott Spark, yenye shokapu mbili, na Kulhavý akawa wa pili. Njia za mashindano zilikuwa zimezidi kuwa na mawe na miruko, na waendeshaji wakachagua vyombo vya kuzimudu.

Anayeisifu baiskeli hii kwa mara ya kwanza hutaja ulaini. Sifa hiyo ni ya kweli, ila si kubwa kuliko zote. Faida kubwa iko kwenye tairi la nyuma, ambalo hubaki limeshika ardhi. Kwenye mlima wenye mizizi, baiskeli ya nyuma ngumu hudunda, tairi likaachana na udongo, na nguvu ya mguu ikapotea. Yenye shokapu hufuata umbo la ardhi, na mwendeshaji anaendelea kukanyaga akiwa ameketi. Faida ya pili ni uchovu. Katika mbio ndefu kama Cape Epic ya Afrika Kusini, ambayo tangu 2004 huwakutanisha waendeshaji wawili wawili kwa siku nane, mgongo uliopigwa na mawe siku tatu za kwanza hauwezi kutoa nguvu ileile siku ya sita.

Malalamiko nayo yana msingi. Shokapu ya nyuma na beringi zake huongeza takriban kilo moja au zaidi, na bei hupanda. Lalamiko kubwa ni kunesanesa: mwendeshaji akisimama kwenye pedali na kusukuma kwa nguvu, mwili wake hupanda na kushuka, shokapu ikabonyea, na yeye akahisi jasho lake linaishia ndani ya oili badala ya kwenda kwenye mnyororo. Watengenezaji wamelijibu kwa njia tofauti. Kwa miaka mingi Epic ilitumia kifaa kilichoitwa Brain, chenye kizito kidogo ndani ya vali. Pigo linapotoka chini, vali hupanda na kizito hubaki nyuma, njia ya oili ikafunguka. Msukumo wa mguu kutoka juu hauifungui. Scott wao waliweka swichi kwenye handeli, ili mwendeshaji aamue mwenyewe kati ya wazi, nusu na iliyofungwa.

Kuhusu Brain waendeshaji waligawanyika hasa. Mshindani aliyetaka baiskeli ngumu inayolainika yenyewe aliipenda. Aliyependa kuteremka alisema kuna kigugumizi kidogo kabla vali haijafunguka, na kwamba pigo dogo la kwanza hulisikia mkononi na kwenye kiti. Mwaka 2024 Epic ya toleo la nane ilitoka bila kifaa hicho, ikiwa na milimita 120 mbele na nyuma. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, uamuzi huo ni sahihi: mtu anayeijua njia yake hupata faida zaidi kwa swichi kuliko kwa vali inayomchagulia.

Sehemu kubwa ya maoni yanayokinzana kuhusu baiskeli ileile, hata hivyo, haitokani na fremu. Inatokana na upepo. Shokapu za aina hii hujazwa hewa, na kiasi kinachomfaa mtu wa kilo 60 hakimfai wa kilo 90. Mzito atasema baiskeli inazama kwenye milima. Mwepesi atasema ni ngumu kama ubao. Wote wawili wanaeleza kazi ya pampu.

Kuiseti kunaanza na mbonyeo, yaani kiasi ambacho shokapu inashuka kwa uzito wa mwendeshaji akiwa ametulia. Avae kila anachoendea: kofia, viatu, begi lenye maji. Swichi ya shokapu iwe wazi kabisa. Aketi taratibu karibu na ukuta wa kuegemea, asogeze mpira mdogo wa duara ulio kwenye bomba linaloteleza la shokapu hadi ukingoni, kisha ashuke bila kuruka. Umbali ambao mpira umesogea ndio mbonyeo. Kwa mbio za nyika nyuma hutafutwa asilimia 20 hadi 25. Shokapu yenye mwendo wa milimita 45 inapaswa kushuka kati ya 9 na 11. Ikishuka zaidi, huongezwa upepo. Mbele hupungua kidogo, asilimia 15 hadi 20. Pampu iwe ya shokapu, yenye geji, kwa sababu presha ya nyuma mara nyingi huzidi paundi 150, na pampu ya tairi haiwezi kurekebisha kiasi kidogo kidogo.

Kinachofuata ni kasi ya kurudi, inayorekebishwa kwa kitasa chekundu kwenye shokapu nyingi. Mwendeshaji ateremke ukingo wa barabara akiwa ameketi. Nyuma ibonyee, irudi, itulie. Ikimrusha juu, inarudi haraka mno. Ikibaki chini, inarudi polepole, na kwenye mawe yanayofuatana itazidi kuzama kwa kila pigo. Kasoro hii ya pili ndiyo humfanya mtu aseme shokapu ni mbovu ilhali ni nzima.

Tairi nalo lina neno. Tairi pana la inchi 2.4 lisilo na tyubu, lenye dawa ya kuziba matundu, huendeshwa na wengi kwa paundi 18 hadi 25. Likijazwa 40 linadunda, na hakuna shokapu itakayofuta mdundo huo.

Swichi ya kufunga itumike kwenye lami na kwenye mlima laini, ikifunguliwa kabla ya mteremko kuanza. Kwenye mlima wa mizizi iachwe wazi au nusu, maana hapo ndipo faida ilipo. Kwa anayeendesha njia za udongo ulioshindiliwa, kama nyingi za Msitu wa Karura jijini Nairobi, baiskeli ya nyuma ngumu inatosha, na pesa itakayobaki inunue magurudumu bora.

Matunzo hayana njia ya mkato. Vumbi jekundu na tope hula raba za kuzuia uchafu. Bomba la shokapu lifutwe kwa kitambaa kila baada ya safari, na maji ya presha yasielekezwe kwenye beringi. Watengenezaji wengi hutaka sehemu ya hewa ifunguliwe na kupakwa oili mpya kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha. Kabla ya kununua, mtu aulize kama fundi wa karibu ana raba hizo na vifaa vyake.

Baiskeli iliyotumika ikaguliwe kwa kushika kiti na kukiinua polepole. Ikisikika ‘tok’ kabla gurudumu halijaacha ardhi, kuna beringi au bushi iliyolegea. Bomba linalong'aa la shokapu lisiwe na mkwaruzo unaohisika kwa ukucha, kwani hapo ndipo hewa na oili huvujia. Fremu ya kaboni itazamwe kwa tochi kuzunguka kila beringi. Ikiwa na ufa, isinunuliwe kwa bei yoyote.