Njia za Majeshi Kuelekea Kisii, 1914: Funzo la Historia na Lugha

Utangulizi

Katika kusoma habari za vita, wanafunzi wengi hukumbuka uwanja wa mapigano na jina la mshindi, wakaisahau njia iliyowafikisha askari pale. Baadhi ya mataifa yameihifadhi kumbukumbu hiyo. Mwaka 1781, katika vita vya mapinduzi ya Marekani, jeshi la Wafaransa chini ya Rochambeau lilitembea kutoka Rhode Island, likaungana na jeshi la George Washington karibu na New York, kisha majeshi hayo mawili yakaelekea Yorktown, Virginia, ambako Waingereza walisalimu amri mwezi Oktoba. Mwaka 2009 njia hiyo ilitangazwa rasmi kuwa njia ya kihistoria ya taifa.

Nchi ya Abagusii, yaani kaunti za leo za Kisii na Nyamira, nayo imewahi kupitiwa na majeshi. Makala haya yanachunguza njia zilizokutana mjini Kisii mwezi Septemba 1914. Hoja kuu ni kwamba njia ya jeshi haieleweki kwa kuwatazama maofisa peke yao. Sharti wahesabiwe pia wenyeji waliopitiwa na wapagazi waliobebeshwa mizigo.

Njia mbili, mji mmoja

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, mpaka wa makoloni ya Waingereza na Wajerumani ulipita kusini mwa nchi ya Abagusii. Mwanzoni mwa Septemba kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka huo upande wa Ziwa Viktoria, kikapanda kuelekea Kisii. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameondoka, na mji ukatwaliwa bila upinzani mkubwa.

Njia ya pili ilitoka kaskazini. Askari wa King's African Rifles pamoja na polisi walivuka Ghuba ya Winam kwa meli kutoka Kisumu, wakateremka Kendu Bay, kisha wakatembea kuelekea Kisii. Safari hiyo ilikuwa ya kupanda: mji wa Kisii uko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa ziwa, na nchi yenyewe ni ya vilima na mabonde. Tarehe 12 Septemba pande hizo mbili zilipigana karibu na mji. Kapteni Thorne, aliyewaongoza askari wa Waingereza, aliuawa. Usiku ulipoingia kila upande ulirudi nyuma: Waingereza wakashika njia ya Kendu Bay, Wajerumani wakaelekea mpakani.

Njia ya tatu: wenyeji

Kwa siku chache, basi, Kisii haikuwa na mtawala wa kigeni. Ili kufahamu lililofuata, ni muhimu kukumbuka kwamba utawala wa Waingereza ulikuwa mchanga mno. Kituo chao kilianzishwa mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo, shujaa wa Kitutu, alimchoma mkuki ofisa Northcote, aliyeitwa Nyarigoti na wenyeji, na kitendo hicho kikalipizwa kwa msafara mkali wa kijeshi. Aidha, kuanzia mwaka 1913 imani ya Mumbo, iliyochipuka Alego kupitia kwa Onyango Dunde, ilikuwa ikienea ikitabiri kuondoka kwa wazungu. Wazungu walipoondoka kweli, si ajabu kwamba wengi waliona utabiri umetimia. Mji ulivamiwa na mali ikachukuliwa. Vituo vya misheni vilivyokuwa karibu navyo havikusalimika.

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Waingereza waliporudi waliwaadhibu Abagusii kwa kuwaua watu, kuchoma nyumba na kutwaa mifugo. Baadaye vijana wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika vita vilivyoendelea hadi mwaka 1918. Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Hata hivyo, methali hiyo inastahili kutumiwa kwa uangalifu: nyasi hazina nia, ilhali Abagusii walikuwa na kumbukumbu, matumaini na uamuzi wao wenyewe.

Ushahidi wa lugha

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tukio hili lina mafunzo mawili. Kwanza, Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano ya askari katika majeshi yote mawili. Neno askari, lenye asili ya Kiarabu, liliwataja waliokuwa wakilengana bunduki siku ile. Ni dhahiri kwamba lugha moja yaweza kuwaunganisha watu kwa maneno huku mamlaka za kigeni zikiwatenganisha kwa silaha.

Pili, majina ya mahali huhifadhi yale ambayo taarifa za kijeshi huyapitia haraka. Mji wa Kisii huitwa pia Bosongo, jina linalosemekana kutokana na Abasongo, yaani wazungu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimetokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walifariki katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na lishe duni. Leo msafiri hulitaja jina la kikosi chao kila anapomwambia kondakta amshushe Kariakoo, pengine bila kujua.

Hitimisho

Imebainika kwamba mshale mmoja kwenye ramani hufunika safari nyingi. Njia ya Kendu Bay na ile ya mpakani zilikutana kwa siku moja ya mapigano. Njia ya mwenyeji aliyepoteza ng'ombe, na ya kijana aliyebebeshwa mzigo, iliendelea kwa miaka. Wazee waliosimuliwa habari hizo na wazazi wao wanazidi kupungua. Kuzikusanya simulizi zao, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, ni kazi isiyofaa kuahirishwa.

Maswali ya mjadala

1. Eleza jinsi majina ya mahali katika eneo lako yanavyohifadhi historia ya vita au utawala wa kigeni.
2. Methali ya tembo na nyasi inafafanua kwa kiasi gani hali ya Abagusii mwaka 1914? Jadili.